IST ya 2003 (1NZ-FE) inavuja oili upande wa giaboksi: ni sili ya nyuma kweli?

Msafiri_NCP61

Habari za muda huu wakuu.

Gari ni Toyota IST ya 2003, NCP61, injini 1NZ-FE, otomatiki, kilomita 214,000. Linapunguza oili kati ya nusu lita na robo tatu kila kilomita 1,000. Likilala usiku linaacha matone matatu hadi matano chini, pale injini inapoungana na giaboksi. Oili iliyomo ni 5W-30, ina kilomita 2,000 tangu ibadilishwe pamoja na filta. Asubuhi likiwaka hutoa moshi wa bluu kidogo mara moja, kisha unakata. Taa ya oili haijawahi kuwaka.

Fundi kamulika tochi chini dakika mbili, kasema ni sili ya nyuma ya kranki (mpira unaozuia oili isitoke mwisho wa shafti kuu ya injini), giaboksi ishuke. Kabla sijakubali, kuna namna ya kuhakikisha? Stendi za kuinulia ninazo, spana za kawaida ninazo.

SpanaKumi

Mkuu, giaboksi ibaki ilipo kwanza.

Sili ya nyuma huvuja, hilo halina ubishi. Ila kwa 1NZ iwe mshukiwa wa mwisho. Oili hushuka: chochote kinachovuja juu kwenye silinda hedi, upande wa giaboksi, hutambaa kwenye ukuta wa bloku mpaka kwenye ule mshono, na hapo ndipo hupata pa kudondokea. Gari likiwa mwendoni upepo nao unaisukuma nyuma. Anayetazama kwa chini anaona mshono umelowa, basi, hukumu imetoka.

Halafu hesabu zako hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Tone moja la oili ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita, kwa hiyo nusu lita ni matone 10,000 hivi. Kilomita 1,000 kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa ni saa 25, yaani sekunde 90,000. Ili nusu lita yote iishe kwa kuvuja tu, injini ingetakiwa kudondosha tone kila sekunde tisa muda wote inapozunguka. Gari la hivyo lingekuwa limelowa tumbo zima kuanzia sampu (bakuli la oili chini ya injini) hadi karibu na tanki. Kama lako limelowa pale kwenye mshono tu, basi sehemu ya oili hiyo inaungua ndani, na ule moshi wa asubuhi unasema hivyo hivyo. Una matatizo mawili, na huenda yana mzizi mmoja. Nitarudi hapo.

Kitu kimoja kimenishtua: "taa ya oili haijawahi kuwaka". Ukifungua swichi ya ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa hiyo LAZIMA iwake, kisha izime injini ikishashika. Kama hata hapo haiwaki, basi waya umekatika, taa imekufa au swichi ya presha imeharibika, na siku oili ikiisha hutaambiwa na mtu. Kaangalie leo kabla ya jambo lingine lolote.

bisibisi

Naongezea utaratibu wa kutafuta, maana hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotea.

Hakikisha kwanza kwamba ni oili ya injini. Weka kadibodi safi chini usiku kucha, chora alama ya tairi la mbele ili ujue kila tone limetoka usawa gani. Oili ya giaboksi otomatiki ni nyekundu ikiwa mpya na huwa kahawia ikizeeka, lakini ni nyepesi na harufu yake si ya oili ya injini. Chomoa dipstiki zote mbili, weka tone la kila moja kwenye karatasi nyeupe kando ya tone la kwenye kadibodi. Ulinganifu huo hauhitaji utaalamu.

Baada ya hapo, osha. Bila kuosha utakuwa unatazama uchafu wa miaka kumi. Injini iwe baridi. Funga altaneta, koili nne na kisanduku cha fyuzi kwa mifuko ya plastiki. Paka dawa ya kuondoa grisi au mafuta ya taa kwa brashi, anzia juu kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya silinda hedi) ushuke, acha dakika kumi, suuza kwa maji ya mpira wa kawaida. Mashine ya presha usiielekeze kwenye koili wala plagi za waya. Maji yakiingia huko utaanza kutafuta ugonjwa mwingine. Kama umetumia mafuta ya taa, suuza kwa sabuni na acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha, hasa upande wa ekzosti.

Ikishakauka, nyunyizia poda ya mtoto kwenye maeneo haya, kwa mpangilio huu wa juu kwenda chini:

- ukingo wote wa tapeti kava, hasa kona
- swichi ya presha ya oili, kwenye silinda hedi upande wa giaboksi
- vali ya VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka), ile yenye plagi ya waya mbili upande wa cheni, imefungwa kwa boliti moja ya 10
- mshono wa kava la cheni, pande zote mbili
- puli ya kranki
- filta ya oili, boliti ya kumwagia oili, mshono wa sampu
- mshono wa injini na giaboksi

Washa, acha iungurume dakika 15 mpaka feni ipige mara moja. Kagua. Endesha kilomita 20, kagua tena. Kisha 100. Oili ikigusa poda huacha mstari mweusi unaoonekana kabisa, na cha kutafuta ni pale mstari unapoanzia JUU. Unapoishia hapana maana. Tumia kioo kidogo cha mkono kwa nyuma ya hedi, au weka simu kwenye video uizungushe huko.

Poda ikikushinda, tafuta rangi ya kung'aa inayowekwa ndani ya oili pamoja na tochi ya UV. Kipimo soma kwenye chupa yake. Endesha siku mbili, kagua usiku. Inafaa pale ambapo vuja mbili zinachanganyikana.

Kizibo

Mnamchosha mwenzenu. Gari lina miaka ishirini na ushee. Weka 20W-50 na ile chupa ya kuzuia uvujaji, maisha yaendelee.

SpanaKumi

@Kizibo, ile chupa hufanya kazi moja: hulainisha na kuvimbisha mpira uliokakamaa. Kwa sili ya kranki iliyoanza kuwa ngumu inaweza kupunguza kwa muda. Kwa mshono wa silikoni haifanyi kitu, kwa sababu hapo hakuna mpira wa kuvimba. Kwa swichi ya presha iliyopasuka ndani haifanyi kitu. Kwa vali ya PCV (inayonyonya gesi za tumbo la injini) iliyoziba haifanyi kitu. Sasa mtu ambaye hajui kinachovuja ni nini, anaimwaga ili ikatibu wapi?

Oili nzito nayo inapunguza kasi ya kuvuja, haizuii. Na kwenye injini hii oili hiyo hiyo ndiyo inasukuma VVT-i na kikaza cheni. Nzito ikichelewa kufika juu asubuhi utasikia cheni inalia.

Pwani_Dizeli

Hapo kwa uzito tusiwe wakali sana. Kwa joto la Dar, Mombasa au Tanga, 10W-40 kwenye 1NZ iliyovuka kilomita laki mbili si dhambi, na inapunguza kuungua kidogo. 20W-50 mimi pia simshauri. Ila uzito wa oili uamuliwe BAADA ya kuziba, usiwe dawa ya kuziba.

Msafiri_NCP61

Nimerudi na majibu.

Taa: nikifungua swichi ya ufunguo haiwaki. Nimechomoa plagi ya waya ya swichi ya presha, ndani imejaa oili. Nikigusisha ule waya kwenye bodi taa inawaka, kwa hiyo taa na waya ni vizima.

Kadibodi: ni oili ya injini.

Poda: baada ya kilomita 20 mstari mnene unaanzia kwenye swichi ya presha, unashuka kwenye bloku moja kwa moja hadi mshono wa giaboksi. Mstari wa pili mwembamba unatoka kona ya tapeti kava, upande wa cheni. Sampu na filta ni vikavu. Puli ya kranki ina unyevu kidogo sana.

Nimetoa koili zote: shimo la plagi ya moto namba 3 lina oili kama sentimita mbili.

Na nilipofungua kifuniko cha kumwagia oili injini ikiunguruma, hewa inapuliza, kifuniko kinacheza juu ya tundu.

SpanaKumi

Safi. Huo ndio mzizi wa pamoja niliousema. Anzia mwisho wa orodha yako, kwenye ile hewa.

Gesi kidogo hupenya ringi za pistoni na kuingia tumbo la injini, hata kwenye injini mpya. Kazi ya vali ya PCV, iliyo kwenye tapeti kava na hosi yake inayoenda kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, ni kuzinyonya zirudi kuungua. Ikiziba, presha hupanda ndani na oili hutafuta pa kutokea: gasketi ya juu, sili za kranki, dipstiki. Wakati huo huo oili husukumwa kupitia hosi ya briza (ya kupumulia injini) hadi kwenye njia ya hewa na kuungua. Ndiyo maana unavuja na unaunguza kwa pamoja. Ukibadilisha sili zote bila kugusa PCV, baada ya miezi michache zitavuja tena, na sili zitasingiziwa kuwa ni za kichina.

Kupima: itoe, puliza kwa mdomo kupitia hosi safi. Kutoka upande wa injini hewa ipite kirahisi. Kutoka upande wa manifoldi ipite kwa shida. Ikipita sawa pande zote au isipite kabisa, tupa. Ukiitikisa na usisikie kitu kinagonga ndani, tupa. Kuna wanaoiosha kwa petroli ikafunguka; ni spea ya bei ndogo, weka mpya tu. Hosi yake ikiwa ngumu kama bomba la plastiki au imenyauka ndani, badilisha pamoja nayo, na safisha tundu inapoingia kwenye manifoldi kwa dawa ya kabureta.

Baada ya kufunga, visha tundu la kumwagia oili glovu nyembamba ya mpira injini ikiunguruma, dipstiki ikiwa mahali pake. Inyonywe ndani taratibu. Ikisimama na kuvimba ilhali PCV ni mpya, basi ringi ndizo zimechoka na mjadala unabadilika.

Swichi ya presha: oili ndani ya plagi ya waya maana yake utando wa ndani umetoboka, oili inapita katikati ya swichi. Hii ndiyo vuja niiogopayo kuliko zote ulizotaja, kwa sababu iko kwenye njia yenye presha. Gasketi ya juu hulowesha tu. Swichi ikiachia yote inaweza kumwaga oili yote barabarani, na taa yako ndiyo hiyo haifanyi kazi. Usisafiri nalo mbali kabla hujabadilisha.

bisibisi

Kufunga swichi: soketi ndefu ya 24 ndiyo inayofaa kwa nyingi za Toyota, spana ya wazi huzungusha kichwa tu. Injini iwe baridi. Uzi wake unabana kwa kuwa unanenepa kadiri unavyoingia, hauna wasa. Paka gundi ya maji ya kuzibia nyuzi kwenye nyuzi mbili au tatu, acha uzi wa kwanza mtupu ili gundi isiingie njia ya oili. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usitumie; vipande vyake hukatika na kuingia ndani, na swichi hii inapata njia yake ya umeme kupitia nyuzi hizo hizo. Kaza 15 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Ni kidogo kuliko unavyodhani. Hedi ni ya aluminiamu, ukilazimisha unaipasua. Acha saa moja gundi ishike kabla ya kuwasha.

Plagi ya waya iliyojaa oili ioshe kwa dawa ya breki na uikaushe kwa hewa, vinginevyo swichi mpya nayo itasoma vibaya.

Sasa tapeti kava. Nunua seti kamili: gasketi ya ukingo pamoja na pete za mirija ya plagi, kwa sababu hilo shimo namba 3 linakwambia pete zimekufa. Wauzaji wengi wa Kariakoo na Gerezani wanakupa gasketi peke yake usipouliza. Ishike mkononi kabla ya kulipa: mpira mzuri ukiukunja unarudi, na hauna mshono wa kuunganishia.

1. Kabla ya kutoa plagi ya namba 3, nyonya ile oili kwa bomba la sindano lenye mpira, au kitambaa kilichoviringishwa kwenye bisibisi. Ukifungua plagi kwanza oili yote inaingia silindani.

2. Toa koili (boliti za 10), hosi za PCV na briza, waya zilizoshikizwa. Legeza boliti na nati za kava kidogo kidogo, kuanzia nje kwenda katikati.

3. Kava likigoma, gonga ubavuni kwa mpini wa nyundo wa mti au nyundo ya mpira. Bisibisi usiiingize kwenye mshono; mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu ni vuja ya kudumu.

4. Angalia gasketi ya zamani. Ikiwa imekuwa bapa na inakatika kama plastiki, ilishakufa. Safisha mfereji wake kwa kitu cha plastiki au mti, halafu dawa ya breki na kitambaa kisichoacha nyuzi. Mshono wa hedi nao vilevile. Oili yoyote ikibaki pale, silikoni haishiki.

5. Silikoni inawekwa sehemu MBILI tu: pale kava la cheni linapokutana na hedi, mbele na nyuma. Tone la ukubwa wa punje ya mahindi linatosha. Hiyo kona yako inayovuja ni mojawapo. Tumia nyeusi ya kuhimili oili; ile ya kiwandani Toyota inatajwa kama Three Bond 1207B au inayolingana nayo. Ukishaweka, kava lifunikwe ndani ya dakika 3 na kukazwa ndani ya dakika 15.

6. Kaza kwa mizunguko mitatu, kuanzia katikati kwenda nje, hadi 10 Nm. Kama huna spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), shika rachet fupi kwa karibu na kichwa na ukaze kwa nguvu ya kiganja tu. Boliti hizi ni ndogo na kuendelea kuzivuta hakuongezi kubana kwa gasketi. Kunachuna nyuzi za hedi.

7. Plagi 18 Nm, boliti za koili 9 Nm. Mpira wa koili ulioloa oili ukiwa umevimba au umelainika, utaanza kukosa moto siku ya mvua. Ubadilishe.

8. Subiri angalau saa mbili kabla ya kumimina oili na kuwasha.

Kuhusu kupaka silikoni gasketi nzima kuzunguka "kwa usalama": hiyo ndiyo kazi ninayoikuta imefanywa vibaya kuliko zote. Mpira unateleza juu ya silikoni mbichi na kutoka kwenye mfereji. Ile iliyominywa ndani hukauka, hukatika, hushuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Umetoka kwenye kuvuja, umeingia kwenye injini kugoma.

Opa_1800

Samahani kudandia uzi. Yangu ni Opa yenye 1ZZ-FE, inalowa ubavuni upande wa cheni, chini kidogo ya hedi. Tapeti kava imeshabadilishwa, bado. Nayo ni swichi?

Pwani_Dizeli

Kwa 1ZZ tafuta kikaza cheni kwanza. Kimefungwa kwa nje na nati mbili za 10, na kina oringi ambayo hukakamaa na kuwa ya mraba. Kubadilisha ni nusu saa, lakini kina mtego. Kikishatoka, cheni haina kinachoibana. Injini ikizungushwa hata kidogo, kwa starta au kwa gari kusukumwa likiwa kwenye gia, cheni inaruka meno. Toa waya wa betri, weka gari P na ukaze breki ya mkono kabla ya kugusa nati.

Badilisha oringi, ipake oili. Sukuma pistoni ya kikaza ndani mpaka mwisho na uishike kwa ndoano yake ndogo, ndipo ukirudishe, nati 9 Nm. Kisha kwa spana kwenye boliti ya puli zungusha kranki kidogo kinyume cha saa ili ndoano ifyatuke, halafu kwa mwelekeo wa saa mizunguko miwili kamili ukisikiliza. Usipofyatua, utawasha injini na cheni ikiwa legevu.

Msafiri_NCP61

Mrejesho. Vimefungwa: PCV na hosi yake, swichi ya presha, seti ya tapeti kava pamoja na pete za plagi, wasa ya boliti ya kumwagia oili. Oili mpya 5W-30. Glovu sasa inanyonywa. Taa inawaka nikifungua swichi na kuzima injini ikishika. Kilomita 1,000 zimeisha, hakuna tone chini, mshono wa giaboksi mkavu kabisa. Niliongeza mililita 180 kurudi kwenye F (alama ya juu ya dipstiki).

Yamebaki mawili. Hiyo 180 ni sawa? Na ule unyevu wa puli ya kranki upo, umefanya vumbi kama mkate mwembamba.

SpanaKumi

180 kwa kilomita 1,000 kwa umri huo si ya kukimbilia kufungua injini. Ila usipime mara moja. Pima kwa chupa yenye alama, gari likiwa mahali tambarare palepale, asubuhi kabla ya kuwasha, kwa kilomita 3,000. Usivuke F, injini hii na filta inachukua lita 3.7, na ukizidisha kranki inaipiga oili ikawa povu na kuongeza inayotupwa kwenye briza. Utakuwa umejitengenezea tatizo lilelile ulilolimaliza.

Ukitaka kujua hali ya ringi, pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, kanyagio la mafuta limekanyagwa mwisho, mafuta na moto vimekatwa. Nzuri ni karibu psi 213, ya chini inayokubalika ni 156, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Silinda iliyo chini imwagie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda ni vali. Kompresheni nzuri haimaanishi ringi za oili ni nzima, maana hizo hukwama kwa masizi bila kupunguza kompresheni. Lakini ikiwa mbaya umeshapata jibu.

Puli: unyevu usiodondoka, sasa kwa kuwa presha ya ndani imeshuka, uache. Safisha ule mkate, uangalie baada ya kilomita 2,000. Huenda ukakauka wenyewe.

bisibisi

Unyevu huo wa puli ukianza kurusha oili kwenye mkanda wa altaneta, usisubiri tena, mkanda ukilowa unateleza na kukatika. Sili ya mbele ya kranki inabadilishwa bila kufungua kava la cheni: mkanda, puli (boliti yake inarudishwa 128 Nm, kwa hiyo uwe na mpini mrefu na kishikio cha puli), kisha kata mdomo wa sili kwa kisu na uing'oe kwa bisibisi iliyofungwa tepu nchani. Tazama shingo ya puli pale mdomo wa sili unapokaa. Ukipitisha ukucha ukanasa kwenye mfereji, sili mpya haitaziba hapo. Ama visha shingo hiyo pete nyembamba ya chuma inayouzwa kwa kazi hiyo, ama igonge sili mpya isifike mwisho kwa milimita moja ili mdomo ukae kwenye chuma kisicholika. Mdomo upakwe grisi kabla. Gonga kwa kipande cha bomba chenye kipenyo sawa, kidogo kidogo kuzunguka. Ikiingia mshazari itavuja siku ileile.

Kizibo

Na ile sili ya nyuma je? Maana hajaiona bado.

SpanaKumi

Mshono ni mkavu baada ya kilomita 1,000, hana sababu ya kuigusa. Ingekuwa ndiyo, ungeona oili ya injini ikitoka ndani ya kengele ya giaboksi (sehemu yake pana inayoungana na injini) kupitia tundu la chini huku bloku yote juu yake ikiwa kavu na poda yake safi. Hapo ndipo giaboksi hushuka. Na ikishashuka, badilisha na sili ya mbele ya giaboksi yenyewe, na wakati wa kurudisha pima kina cha tokikonveta (kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi otomatiki) kabla ya kufunga. Isipoingia mpaka mwisho kwenye meno yote na boliti zikavutwa, pampu ya giaboksi inavunjika.